Kushinda Mjini na Mtoto Mchanga Jijini Dar es Salaam: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanamhusu mtoto ambaye hajafikisha mwaka mmoja, na mzazi anayetaka kwenda naye Posta, Kariakoo, Oysterbay au Mlimani, akashinda huko saa kadhaa na kurudi nyumbani wote wawili wakiwa salama. Majibu mengi yatarudi kwenye jambo moja: saa unayotoka nyumbani ina uzito kuliko chochote utakachoweka kwenye mkoba.

Mtoto akifikisha umri gani ndipo ninaweza kutoka naye kwenda mjini?

Kwa familia nyingi za pwani jibu la kwanza ni arobaini. Mama hukaa ndani siku 40, akakandwa kwa maji ya moto, akalishwa vizuri na kupumzishwa, na mtoto naye hukaa mbali na umati wenye mafua na kikohozi. Ninaiheshimu mila hii, kwa sababu mwili wa mama unahitaji muda huo na mtoto mchanga hana kinga ya kutosha dhidi ya magonjwa ya hewa. Hata hivyo, arobaini haimzuii mama kwenda kliniki. Mahudhurio ya siku na wiki za mwanzo yako palepale, na mama anayeyaacha kwa kuogopa kutoka nje anajinyima huduma ambayo yeye na mwanawe wanaihitaji.

Arobaini inaisha karibu na wiki ya sita, ambapo mtoto hupata chanjo ya kwanza ya pamoja inayomkinga na pepopunda, kifaduro, dondakoo, homa ya ini na homa ya uti wa mgongo, pamoja na chanjo za nimonia, kuhara na matone ya polio. Nyingi ya chanjo hizo hurudiwa wiki ya 10 na wiki ya 14, na ya surua na rubela huanza akiwa na miezi 9. Kwa maoni yangu, safari ya kwanza baada ya arobaini iwe fupi, ya kwenda kliniki au kwa bibi, na siku nzima ya mjini isubiri mpaka chanjo za wiki ya 14 zipite. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati au mwenye uzito mdogo ana ratiba yake, na mwenye neno la mwisho hapo ni muuguzi anayemfuatilia.

Ni saa ngapi nzuri kutoka nyumbani?

Jua la Dar es Salaam linaunguza kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, na ukali wake unazidi kuanzia Desemba hadi Machi, ambapo joto hupita nyuzi 30 na unyevunyevu wa bahari hufanya jasho lisikauke. Mtoto mchanga hupatwa na joto haraka kuliko mtu mzima, wala hawezi kusema kwamba limemzidi. Ndiyo maana siku ya mjini hupangwa kwa vipande viwili: unafanya shughuli zako mapema, kisha kabla ya saa nne au saa tano unaingia mahali penye kivuli, feni au kiyoyozi, na unabaki huko mpaka jua lipungue.

Anayeishi Mbezi, Gongo la Mboto au Mbagala anajua kwamba kutoka saa kumi na mbili alfajiri maana yake ni kubanana na wanaokwenda kazini. Kwa mwenye mtoto, nafasi nzuri ni baada ya wimbi hilo kupita, kuanzia kama saa mbili na nusu, au siku ya Jumapili asubuhi ambapo katikati ya mji hupumua. Kurudi nako kuna saa zake: ama uondoke saa tisa, kabla ofisi hazijafungwa, ama ukubali kukaa mpaka saa mbili usiku foleni ipungue. Anayeondoka Posta saa kumi na moja na nusu na mtoto aliyechoka atasimama kwenye foleni akiwa na kilio mikononi, na abiria wenzake hawana la kumsaidia. Miezi ya Juni hadi Agosti, upepo wa kipupwe unapovuma, ndiyo rahisi kuliko yote, na mzazi asiye na haraka anaweza kuisubiri.

Nitumie usafiri gani?

Mabasi yaendayo haraka, ambayo wote tunayaita mwendokasi, yalianza kazi mwaka 2016 kati ya Kimara, Kivukoni, Gerezani na Morocco, na kwa mwenye mtoto yana faida mbili za kweli. Ya kwanza ni kwamba sakafu ya basi iko usawa na jukwaa la kituo, kwa hiyo hupandi ngazi ukiwa umebeba. Ya pili ni kwamba njia yake ni ya peke yake, hivyo muda wa safari unaweza kukadiriwa. Saa za asubuhi na jioni, hata hivyo, msukumano wa mlangoni ni mkali kiasi kwamba singemshauri mtu mwenye kichanga kuujaribu. Basi likifika limejaa, liache lipite. Nunua tiketi au weka salio kwenye kadi kabla mtoto hajaanza kusumbua, na ukiingia omba kiti kwa sauti ya kusikika. Abiria wa Dar es Salaam wengi humpisha mama mwenye mtoto wakimwona, ila aliyeinamia simu hamwoni.

Kwenye daladala, mfungue mtoto kutoka mgongoni kabla hujapanda na umhamishie kifuani, kwa sababu ukikaa naye mgongoni breki moja ya ghafla itambana kwenye kiti. Epuka kiti kilicho juu ya injini, kwani joto lake halivumiliki, na epuka pia kilicho mlangoni, ambapo kila anayeshuka atapita na mizigo yake juu ya kichwa cha mtoto. Mwambie konda mapema kituo chako, pamoja na kwamba una mtoto, ili gari lisiondoke mguu wako mmoja ukiwa bado ndani. Nauli iwe tayari mkononi.

Bajaji inafaa kwa safari fupi, ukae katikati ya kiti cha nyuma na umwombe dereva asipite pembezoni mwa barabara kubwa. Gari la kukodi linaloitwa kwa programu ya simu lina kiyoyozi, na kwa siku ya joto kali ni pesa iliyotumika vizuri. Mwenye kiti cha gari cha mtoto akifunge nyuma, mtoto akitazama upande wa nyuma wa gari.

Bodaboda hapana. Ninajua kwamba tunawaona kila siku akina mama waliobanwa kati ya dereva na abiria mwingine, mtoto akiwa katikati bila kofia ngumu, na ninajua kwamba mara nyingi sababu ni nauli au njia isiyofikika kwa gari. Lakini mtoto huyo hana kinga yoyote pikipiki ikianguka, na hakuna shughuli ya mjini inayostahili hatari hiyo. Tembea hadi barabara kubwa, au ahirisha safari.

Nibebe mtoto kwa mbeleko au nimsukume kwenye kigari?

Kwa Kariakoo, Posta na mitaa mingi ya Ilala, mbeleko. Njia za waenda kwa miguu zimejaa meza za wafanyabiashara, magari yaliyoegeshwa na mitaro isiyo na mifuniko, na anayesukuma kigari huishia kukipeleka barabarani katikati ya magari. Kigari kina raha yake Mlimani City na penye sakafu tambarare.

Mtoto ambaye shingo haijakaza abebwe kifuani, uso wake uonekane muda wote, kidevu kisigandamane na kifua chake, na magoti yawe juu kidogo kuliko makalio. Mgongoni apande akishaweza kushika shingo vizuri. Mbeleko ya kanga inapitisha hewa kuliko vibebeo vizito vya dukani, jambo lenye maana kubwa katika joto letu. Usimfunike uso kwa kanga wala usifunike kigari chote kwa kitambaa kwa nia ya kumkinga na jua, kwa kuwa hewa ya ndani hupata joto upesi naye hupumua kwa shida. Tafuta kivuli, au beba mwavuli.

Kila mtu ananiambia mtoto anasikia baridi. Nimvishe nini?

Swali hili ningependa lijibiwe kwa uwazi, kwa sababu watoto wa jiji hili wanateseka kwa upendo wa wazazi wao. Ni jambo la kawaida kumwona mtoto wa miezi miwili mchana wa Januari akiwa na sweta la sufu, kofia, soksi, na shali mbili juu yake, huku mama yake aliyevaa gauni jepesi akitokwa na jasho. Nguo moja nyepesi ya pamba inatosha, na kofia ya kitambaa chepesi kwa ajili ya jua. Kipimo ni shingo na mgongo: ukigusa ukakuta pana jasho, punguza nguo. Mikono na miguu ya kichanga huwa ya baridi kidogo hata akiwa na joto la kutosha, na hiyo ndiyo inayowadanganya wengi. Sweta libaki mkobani kwa ajili ya benki au duka lenye kiyoyozi kikali.

Bibi au shangazi akisisitiza, msikilize kwa heshima, umwambie umemshika mtoto shingoni na ana joto, kisha endelea. Mafuta ya kukinga jua hayafai kwa mtoto wa chini ya miezi sita. Kinga yake ni kivuli.

Ninyonyeshe wapi nikiwa mjini?

Popote unapoweza kukaa ukiwa umetulia. Kunyonyesha mbele za watu si jambo geni Dar es Salaam. Kwenye daladala, kliniki, sokoni na vibarazani mama hunyonyesha na watu wanaendelea na shughuli zao, kanga au mtandio ukitosha kumsitiri anayependa kusitirika. Wanaopata shida ni akina mama wanaoingia ofisi na mikahawa ya kisasa, ambako macho ya watu ni mazito zaidi. Huko omba kiti cha pembeni na ukae ukielekea ukutani kama hilo linakupa amani, lakini usikubali kuelekezwa chooni. Hakuna mtu mzima anayepelekwa kula chooni.

Sehemu ya wanawake msikitini, mabenchi ya kanisani siku zisizo na ibada, na viti vya kusubiria vya hospitali kubwa ni mahali pa utulivu ambapo kwa kawaida ukiomba kwa adabu hukataliwi. Mama lishe naye akiona una kichanga mara nyingi ataliburuta benchi lenyewe hadi kivulini. Mnyonyeshe kabla hajalia, yaani anapoanza kunyonya vidole na kugeuza kichwa, kwa sababu mtoto aliyekwisha kulia katikati ya kelele za mtaa hutuliza moyo kwa taabu.

Na kama anatumia maziwa ya kukamua au ya kopo?

Maziwa ya mama yaliyokamuliwa hukaa kama saa nne katika joto lisilozidi nyuzi 25, na mchana wa Dar es Salaam hupita kiwango hicho, kwa hiyo yabebwe kwenye kisanduku cha baridi chenye vipande vya barafu. Kwa maziwa ya kopo, usitengeneze asubuhi ukabeba yakiwa tayari. Beba unga uliopimwa kwenye kichombo kikavu na safi, na maji yaliyochemshwa kwenye chupa ya chai. Koroga unapohitaji maji yakiwa bado ya moto sana, yapoze, umnyweshe, na kinachobaki ukimwage. Maziwa yaliyotengenezwa yasikae zaidi ya saa mbili bila jokofu.

Joto ni kali. Nimpe maji?

Mtoto wa chini ya miezi sita hapewi maji, hata Februari. Maziwa ya mama yana maji ya kutosha, na kinachotakiwa siku ya joto ni kumnyonyesha mara nyingi zaidi na mama mwenyewe kunywa maji kila anaponyonyesha. Baada ya miezi sita anaweza kunywa maji safi kidogokidogo. Angalia nepi: ikikaa kavu kwa saa nyingi, au mkojo ukiwa wa rangi nzito, ingia kivulini na umnyonyeshe.

Mkoba uwe na nini?

Nepi za kutosha na mbili za ziada, kitambaa cha plastiki cha kumlazia, kitambaa chenye maji na sabuni, seti moja ya nguo, kanga mbili, mfuko wa kutilia uchafu, kadi ya kliniki na simu yenye chaji. Fulana yako ya akiba pia, maana akicheua utahitaji. Kanga ya pili ndiyo kivuli, ndiyo shuka, ndiyo pazia la kunyonyeshea.

Nimbadilishie nepi wapi?

Vyumba maalumu ni vichache na viko zaidi kwenye maduka makubwa na hoteli. Vyoo vya kulipia vya stendi na sokoni mara nyingi havina meza, na sakafu yake ni ya maji. Ni afadhali kutandika kitambaa kwenye benchi la bustani au kiti cha nyuma cha gari, ukabadilisha haraka na kuondoka na uchafu wako.

Mahali gani panafaa kwa siku nzima?

Ningeanza na Makumbusho ya Taifa katika Mtaa wa Shaaban Robert. Yalifunguliwa mwaka 1940, ni tulivu, yana vivuli na vyumba vya kupozea joto, na mzazi anapata kuona habari za fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, lililofukuliwa Olduvai mwaka 1959 wakati mtoto amelala kifuani. Jirani yake ipo bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893, yenye miti mikubwa ambayo chini yake mtu anaweza kukaa, kunyonyesha na kupumzika. Kutoka hapo hadi vituo vya mwendokasi vya Posta na Kivukoni ni mwendo mfupi wa miguu, na sehemu hizi mbili zinatosha kwa siku.

Kijiji cha Makumbusho, kwenye Barabara ya Bagamoyo, kina nyumba za asili za makabila mbalimbali na uwanja wenye hewa. Mtoto wa miezi minane hufurahia ngoma zikichezwa, ila ukae mbali kidogo na wapigaji. Coco Beach nenda jioni baada ya saa kumi na nusu, na ikiwezekana siku ya kazi, kwa sababu mwisho wa wiki muziki na umati huzidi. Mihogo ya kukaanga ni ya mama, si ya mtoto: vipande vigumu, karanga na korosho humpalia kwa urahisi. Aliyevuka miezi sita abebewe uji wake wa lishe, ndizi mbivu au parachichi, vitu visivyohitaji kuchemshwa tena.

Anayetaka kuvuka kwenda Kigamboni kwa kivuko cha Magogoni ataona bahari kwa dakika chache na nauli ndogo. Geti likifunguliwa watu hukimbia. Simama pembeni, waache watangulie, kisha ingia taratibu. Kama umati umezidi, pita Daraja la Nyerere kwa gari.

Nina shida ya kununua vitu Kariakoo. Niende naye?

Ukiweza, mwache kwa mtu unayemwamini. Usipoweza, nenda saa mbili na nusu siku ya katikati ya wiki, ukiwa na orodha ya vitu na majina ya mitaa, mtoto kifuani na pochi mbele. Nunua, lipa, ondoka. Mwenye duka unayemzoea anaweza kukupangia mizigo kwa simu kabla hujafika. Kuzunguka kulinganisha bei ukiwa na kichanga katika msongamano ule kunamchosha yeye kabla yako.

Watu nisiowajua wanataka kumshika na kumbusu. Niseme nini?

Watu wetu wanapenda watoto, na "hongera mama" ya mtu wa kituoni hutoka moyoni. Lakini busu la mtu mwenye mafua linaweza kumlaza mtoto hospitali. Jibu laini linatosha: "Shikamoo bibi. Asante sana, ila ndiyo kwanza amelala," au "daktari amesema asibebwe kwanza." Mtoto akiwa kwenye mbeleko wanaoomba hupungua. Usimkabidhi kwa mgeni hata kwa dakika moja ya kutafuta chenji.

Kuhusu wanja wa kumkinga na kijicho, kila familia ina imani yake. Ila aina nyingine za wanja zina madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto, na hivyo usimpake machoni.

Mvua ikinikuta mjini?

Masika ni Machi hadi Mei, na vuli ni Oktoba hadi Desemba. Mvua kubwa hujaza bonde la Msimbazi na huweza kuifunga Barabara ya Morogoro pale Jangwani, na mwendokasi husimama. Mawingu yakifunga asubuhi, usitoke. Mvua ikikukuta Posta, kaa ndani ya jengo ulilopo, mpigie simu mtu wa nyumbani, wala usijaribu kuvuka maji yanayotembea ukiwa umebeba. Baada ya magharibi mvike nguo nyepesi ndefu kwa ajili ya mbu.

Nitajuaje kwamba natakiwa kwenda hospitali badala ya nyumbani?

Mtoto anayekataa kunyonya kabisa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, anayepumua kwa shida au aliyelegea na haamki vizuri, aende hospitali wakati huohuo. Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, homa ya nyuzi 37.5 au zaidi inatosha peke yake. Usingoje kesho wala usimpe dawa ya dukani kwanza. Katikati ya mji kuna Mnazi Mmoja na Muhimbili. Kwingineko kuna Amana, Temeke na Mwananyamala. Akipaliwa na asitoe sauti, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini, umpige kwa kiganja mara tano katikati ya mabega, kisha umgeuze na kumbonyeza kifuani kwa vidole viwili mara tano, ukirudia huku mwenzio akiita msaada.

Ninakwenda ofisini kufuatilia jambo. Nitasubiri foleni kama wengine?

Jitambulishe kwa mlinzi au mhudumu wa mapokezi mara ufikapo. Ofisi nyingi humtanguliza mama mwenye mtoto, ila hazimtafuti aliyekaa kimya nyuma. Aliyeajiriwa akumbuke pia kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja kwa pamoja, na baada ya hapo muda wa kunyonyesha usiozidi saa mbili kila siku ndani ya muda wa kazi. Akitumia saa hizo, hatalazimika kuzunguka na mtoto mjini siku ya kazi.

Je, baba anaweza kutoka na mtoto peke yake?

Anaweza, na ningefurahi kuwaona wengi zaidi. Ajifunze kufunga mbeleko nyumbani kwanza, abebe maziwa kama ilivyoelezwa hapo juu, na safari yake ya kwanza iwe ndani ya muda ambao mtoto hukaa bila kunyonya. Ataulizwa "mama yake yuko wapi?" mara nyingi, na ajibu tu kwamba yuko nyumbani anapumzika. Palipo na meza ya kubadilishia nepi, mara nyingi iko upande wa wanawake. Amwombe mhudumu wa kike amwangalizie kama pako wazi, au atandike kanga kwenye benchi la bustani.